Picha ya kichwa kabla ya upasuaji si anasa



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo linaloleta manung'uniko mengi katika familia na katika Jumuiya zetu ndogo ndogo. Mgonjwa ana uvimbe ndani ya kichwa, au sikio lake limetoa usaha kwa miaka mingi, au amepata ajali na tangu hapo maji yanamtoka puani. Ndugu wanakutana, wanachanga, mmoja anauza mbuzi, mwingine anakopa kwenye kikundi. Wanafika hospitali ya rufaa wakiwa na fedha ya upasuaji mkononi. Hapo daktari anawaambia kwamba kabla ya kupasua anahitaji picha ya CT, na pengine na ya MRI pia. Ndugu wanatazamana. Kisha mmoja anasema kwa sauti ya chini, "Hawa wanatafuta fedha tu. Si alishapigwa picha?"

Katika kazi ya uuguzi nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na siwalaumu wanaoyasema. Fedha ni ya jasho, na mtu ana haki ya kuuliza inakwenda wapi. Hata hivyo maoni yangu ni haya: katika upasuaji wa sehemu ya chini ya fuvu, kupima kwa picha ni sehemu ya upasuaji wenyewe. Fedha ya picha ichangwe kwanza, isiachwe kuwa ya mwisho. Na sisi watu wa hospitali tunao wajibu wa kuwaeleza ndugu sababu yake kwa lugha wanayoielewa. Hebu tulitazame jambo hili hatua kwa hatua.

SAKAFU YA FUVU NI NINI?

Wengi wetu tukisikia neno fuvu tunafikiria utosi na paji la uso. Hilo ni paa la nyumba. Lakini nyumba ina sakafu pia. Ubongo umekaa juu ya sakafu ya mfupa iliyo nyuma ya macho na pua, juu ya koo, katikati ya masikio mawili. Sakafu hii si bapa kama ya saruji. Ina ngazi tatu: ya mbele iko juu, ya kati iko chini kidogo, na ya nyuma iko chini zaidi.

Tena sakafu hii ina matundu mengi. Mwenyezi Mungu ameweka jozi 12 za mishipa ya fahamu zinazotoka katika ubongo: ya kunusa, ya kuona, ya kusogeza macho, ya uso, ya kusikia, ya kumeza na mingineyo. Mishipa hiyo hupita katika matundu hayo. Mishipa minne mikubwa ya damu hupanda kutoka shingoni na kuingia humo humo. Tundu kubwa kuliko yote liko nyuma, mahali ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Kwa mtu mzima lina urefu wa kama milimita 35 na upana wa kama milimita 30. Kumbuka kwamba milimita moja ndiyo nafasi ndogo kabisa katika rula ya mwanafunzi.

Katikati kabisa ya sakafu hiyo kuna kibonde kidogo cha mfupa chenye umbo la tandiko la farasi. Ndani yake imelala tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa harage dogo. Tezi hii huongoza tezi nyingine nyingi za mwili: za kukua, za uzazi, za maziwa ya mama. Juu yake hupita mishipa ya fahamu ya macho. Kulia na kushoto kwake hupita mishipa mikubwa ya damu ya ubongo. Chini yake kuna chumba cha hewa ndani ya mfupa, na mbele ya chumba hicho ndiyo pua.

Tezi hiyo ikipata uvimbe, mara nyingi daktari bingwa huufikia kwa kupitia puani, bila kupasua paji la uso. Ni safari ya sentimita chache tu. Lakini katika safari hiyo, macho yako juu ya mkono wake, na damu ya ubongo iko kulia na kushoto kwake.

VICHWA HAVIFANANI

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Watu hudhani kwamba daktari aliyesoma anajua kila kitu kilipo, kama fundi anayejua injini ya gari la aina moja. Lakini magari ya aina moja yanatoka kiwandani yakiwa sawa. Vichwa vyetu havitoki hivyo. Kama vile sura zetu zinavyotofautiana kwa nje, ndivyo tunavyotofautiana kwa ndani, tena hata upande wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja huweza kutofautiana. Nitataja mifano minne.

Mfano wa kwanza ni dari ya pua. Mfupa unaotenganisha pua na ubongo una vitundu vidogo vya kupitishia mishipa ya kunusa, na hapo ubongo umekaa kama ndani ya bakuli jembamba. Mwaka 1962 mtaalamu Predrag Keros alipima kina cha bakuli hilo katika mafuvu na kuligawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lina kina cha milimita 1 hadi 3, la pili 4 hadi 7, na la tatu 8 hadi 16. Mpaka leo madaktari wa pua hutumia mgawanyo huo. Kwa nini? Kwa sababu kadiri bakuli linavyozama, ndivyo ukuta wake wa pembeni unavyokuwa mrefu zaidi, na ukuta huo ni mwembamba sana, haufiki hata nusu ya milimita. Daktari anayesafisha matundu ya hewa ya pua bila kujua kina hicho anaweza kuutoboa. Maji ya ubongo yatavuja puani, na vijidudu vitapata njia ya kupanda na kuleta homa ya uti wa mgongo.

Mfano wa pili ni kile chumba cha hewa kilicho chini ya tezi ya pituitari. Kwa watu wengi chumba hicho ni kikubwa, na daktari hupita humo kwa urahisi. Kwa wachache hakikupanuka, ni mfupa mtupu, na njia ni ngumu. Kwa mtoto mdogo chumba hicho bado hakijakua. Huendelea kupanuka utotoni mpaka umri wa kubalehe. Tena ndani yake kuna ukuta wa kati, na mara nyingi haujasimama katikati. Kwa baadhi ya watu ukuta huo umeshikamana na mfupa unaofunika mshipa mkubwa wa damu. Daktari akiunyonga bila kujua, anaweza kuuchana mshipa.

Mfano wa tatu ni umbali kati ya mishipa hiyo mikubwa miwili ya damu. Kwa watu wengi inaachana kwa zaidi ya sentimita moja, na daktari ana nafasi ya kufanyia kazi. Lakini wapo wachache sana ambao mishipa yao imekaribiana hadi kubaki milimita chache. Kwa nje huwezi kuwajua. Hawaumwi, hawana alama yoyote. Wanajulikana kwa picha tu.

Mfano wa nne ni sikio, na huu unagusa familia nyingi kwa sababu watoto wetu wengi hutokwa usaha masikioni. Usaha ukikaa miaka, huweza kuota ngozi ndani ya sikio inayokula mfupa pole pole. Juu ya sikio la kati kuna kipande chembamba cha mfupa, na juu ya kipande hicho kuna ubongo. Ndani ya sikio hilo hilo unapita mshipa wa fahamu wa uso. Ukikatwa, mdomo hupinda na jicho halifumbi. Nyuma yake kuna mfereji mkubwa wa damu. Kwa wengine dari hiyo imeshuka chini kuliko kawaida, au mfereji wa damu umesogea mbele. Daktari anayechonga mfupa hapo anahitaji kujua mapema amebakiwa na nafasi kiasi gani.

Je, ndugu msomaji, fundi mwashi akikuambia atabomoa ukuta wa nyumba yako bila kujua nyaya za umeme zimepita wapi, utamkubalia? Basi kichwa cha mama yako ni zaidi ya nyumba.

TULIKOTOKA

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua mionzi ya eksirei, na kwa mara ya kwanza watu waliona mifupa ya mtu aliye hai. Mwaka 1907 daktari Hermann Schloffer, huko Innsbruck nchini Austria, aliufikia uvimbe wa tezi ya pituitari kwa njia ya pua. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini picha ya eksirei ya kawaida hulaza kila kitu juu ya kingine, kama vivuli vya watu wengi ukutani. Huwezi kujua nani yuko mbele na nani yuko nyuma.

Katika kutatua tatizo hilo Afrika nayo ina sehemu yake. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa mwalimu wa fizikia huko Cape Town. Mwaka 1956 alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur. Aliona kwamba mionzi ya kutibia inapimwa kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja, wakati mfupa, nyama na hewa havifanani. Akatafuta hesabu ya kuonyesha kilichomo ndani ya mwili kwa kupitisha mionzi kutoka pande nyingi. Huko Uingereza mhandisi Godfrey Hounsfield aliunda mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Hapa Tanzania kwa miaka mingi mashine za CT zilikuwa katika miji mikubwa michache. Tangu mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa kupambana na UVIKO-19, Serikali ilinunua mashine hizo kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kwa hiyo kipimo ambacho zamani kilihitaji safari ya siku mbili kimesogea karibu na familia nyingi. Ni neema ambayo yafaa tujue kuitumia.

PICHA INAPIMWAJE?

Mashine ya CT hukikata kichwa kwa mionzi katika vipande, kama mkate uliokatwa, ila hakuna kisu wala maumivu. Kisha kompyuta huviunganisha vipande hivyo, na daktari anaweza kukitazama kichwa kwa mbele, kwa ubavu au kutoka juu. Anaweza kuweka alama mbili na kompyuta ikamwambia umbali kati yake kwa milimita.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo lilipo jibu la lile swali la "si alishapigwa picha?" Picha ya kwanza, ile ya kutafuta kama kuna damu au uvimbe, mara nyingi hukatwa kwa vipande vya milimita 5. Inatosha kwa kazi hiyo. Lakini ukitafuta ukuta wa mfupa wa nusu milimita, au tundu la milimita 2, katika vipande vya milimita 5, kinaweza kujificha kisionekane. Kwa ajili ya kupanga upasuaji daktari huomba vipande vya milimita 1 au pungufu. Hivyo picha ya pili si marudio ya ile ya kwanza. Ya kwanza ilijibu swali "kuna nini?" Ya pili inajibu swali "nitapita wapi?"

MRI nayo ni mashine nyingine. Haitumii mionzi, hutumia sumaku yenye nguvu sana. CT huona mfupa vizuri, MRI huona nyama laini, yaani uvimbe wenyewe, ubongo na mishipa ya fahamu. Kwa mfano, kuna ugonjwa ambao sehemu ya chini ya ubongo mdogo hushuka na kuingia katika lile tundu kubwa la nyuma. MRI hupima imeshuka kwa kiasi gani, na ikishuka zaidi ya milimita 5 madaktari kwa kawaida huuhesabu kuwa ni ugonjwa. Ndiyo maana wagonjwa wengine huombwa picha zote mbili. Moja humwonyesha daktari mlango, nyingine humwonyesha kilichomo chumbani.

GHARAMA YA KUCHELEWA

Nawapa mfano mmoja. Mama mmoja wa makamo, mkulima, alianza kujigonga kwenye miimo ya milango. Watu wakasema ni uzee. Alinunua miwani sokoni mara mbili, haikusaidia. Alipofika hospitalini kwetu tulimwambia atazame mbele, tukasogeza vidole kutoka pembeni. Hakuviona mpaka vilipokaribia pua. Alipelekwa rufaa, na picha ya kwanza ikaonyesha uvimbe wa tezi ya pituitari unaobana mishipa ya macho.

Daktari bingwa akaomba picha ya vipande vyembamba pamoja na MRI. Kaka wa yule mama akakataa. Alisema, "Sisi tulichanga kwa ajili ya upasuaji, hatukuchanga kwa ajili ya picha." Wakarudi nyumbani kujipanga upya, na kujipanga kukachukua miezi mitano. Waliporudi, jicho moja lilikuwa halioni karibu chochote. Picha zikapigwa, na zikaonyesha kwamba ule ukuta wa kati umeshikamana na upande wa mshipa mkubwa wa damu. Daktari alilijua hilo kabla ya kuingia, akaukata ukuta kwa uangalifu badala ya kuunyonga. Upasuaji ulikwenda vizuri. Jicho moja mama yule analo mpaka leo, na bado analima. La pili halikurudi.

Ile fedha ya picha waliyoikataa, mwishowe waliilipa yote. Miezi mitano ndiyo ambayo hawakuweza kuilipa.

MANUNG'UNIKO TUNAYOYASIKIA

"Mionzi itamdhuru mgonjwa." Hofu hii ina msingi, na tusiidharau. Picha moja ya CT ya kichwa huleta mionzi ya kama milisivati 2. Lakini binadamu wote hupata kwa wastani kama milisivati 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Kwa hiyo picha moja yenye sababu haina hatari ya kulinganishwa na upasuaji wa kubahatisha. Hata hivyo picha zisizo na sababu hazifai, hasa kwa watoto na kwa mama mjamzito. Anayeumwa kichwa siku moja baada ya kushinda juani hahitaji CT.

"Amepigwa CT lakini hajapona." Wapo wanaodhani kwamba mashine ile kubwa inatibu. Haitibu. Ni kipimo, kama kile cha kupima damu ya malaria.

"Picha tumeituma kwa simu." Siku hizi watu huweka filamu dirishani, huipiga kwa simu na kuituma. Hiyo husaidia kuomba ushauri wa haraka, lakini daktari hawezi kupima milimita juu yake. Anahitaji diski yenye picha zote.

"Mungu ndiye mponyaji." Ni kweli kabisa, nami nasali na wagonjwa kabla hawajapelekwa chumba cha upasuaji. Lakini kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu tabibu kwa sababu naye ameumbwa na Bwana. Na katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akapiga hesabu. Kupima kabla ya kutenda si upungufu wa imani.

SISI WA HOSPITALI NASI

Nisiwasemee ndugu peke yao. Manung'uniko mengi huzaliwa kwa sababu yetu. Mtu anaandikiwa karatasi ya picha, haambiwi ni ya nini. Anaambiwa bei ya upasuaji leo, bei ya picha kesho, bei ya damu kesho kutwa. Atakosaje kuona anachezewa?

Naona hospitali zetu, za Kanisa na za Serikali, ziwape ndugu hesabu nzima tangu siku ya kwanza: picha, vipimo vya damu, upasuaji, kitanda, na safari ya kurudi kuonwa tena. Daktari au muuguzi achukue dakika tano kuwaonyesha ndugu picha yenyewe na kuwaambia, "Uvimbe uko hapa, jicho liko hapa, sisi tutapita hapa." Nimeona watu wasiojua kusoma wakielewa mara moja na kutoa fedha kwa moyo mweupe. Na sisi tunaoandika barua za rufaa tuandike wazi kinachotafutwa, ili mpiga picha akate vipande vinavyofaa mara ya kwanza na mgonjwa asilipe mara mbili.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Daktari akiomba picha, muulize maswali matatu: Inatafuta nini? Je, ile ya zamani haifai? Nikiipiga leo, itafaa pia kwa upasuaji? Maswali hayo si utovu wa adabu.

2. Tunza filamu na diski. Viweke mahali pakavu, mbali na moto na watoto, wala usikunje filamu. Uendapo hospitali yoyote, nenda navyo hata kama ni vya miaka iliyopita. Picha ya zamani humwonyesha daktari kama uvimbe umekua.

3. Sema mapema kama una mimba, una ugonjwa wa figo au kisukari, au umewahi kudhuriwa na dawa. Wakati mwingine dawa huchomwa mshipani ili picha ionekane vizuri, na dawa hiyo haimfai kila mtu.

4. Kwa MRI, sema kama una chuma mwilini: kifaa cha moyo, pini ya mfupa, au kipande cha chuma kilichoingia jichoni kazini. Hili ni jambo la kufa na kupona.

5. Vua hereni, vibanio vya nywele, meno ya bandia, pamoja na rozari na medali ya shingoni. Wapo akina mama wanaosita kuvua medali. Mama, usiogope. Mkabidhi ndugu yako aishike, naye asali kwa niaba yako mpaka utoke.

6. Jihadhari na dalili hizi: kupungukiwa kuona pembeni, maziwa kutoka kwa mama asiyenyonyesha, au siku zake kukatika bila mimba, pete na viatu kuwa vidogo kwa mtu mzima kwa sababu mikono na miguu inakua, sikio kutoa usaha wenye harufu mbaya, hasa likifuatana na kizunguzungu au mdomo kupinda.

7. Baada ya ajali ya pikipiki au ya kuanguka, maji meupe yakitoka puani au sikioni, macho yakizungukwa na weusi, au nyuma ya sikio pakiwa na alama ya kuvia damu, huenda sakafu ya fuvu imepasuka. Usizibe pua wala sikio, mgonjwa asipenge kamasi, wala asiingizwe kitu chochote puani. Hata sisi wauguzi tumefundishwa kutompitishia mgonjwa wa namna hiyo mpira wa chakula kwa njia ya pua, kwa sababu unaweza kupita ufa na kuingia ndani ya fuvu. Mlaze bila kumzungusha shingo na mwahishe hospitali.

NENO KWA JUMUIYA

Jumuiya zetu ni hodari wa kuchanga. Msiba ukitokea, kabla jua halijazama jeneza limepatikana, chakula kimepatikana, na usafiri umepatikana. Sikatai, kuzika wafu ni tendo la huruma. Lakini kuwatazama wagonjwa nako ni tendo la huruma, tena mgonjwa bado tunaye. Napendekeza kila parokia iwe na mfuko mdogo wa vipimo, unaosimamiwa na kamati ya afya kwa risiti, ili familia iliyoandikiwa picha isirudi nyumbani kujipanga kwa miezi mitano. Akina mama wa WAWATA katika parokia nyingi wameshaonyesha kwamba shilingi ndogo ndogo za kila Jumapili hufika mbali.

Basi Jumapili hii, ikiwa katika Jumuiya yenu yupo mgonjwa anayesubiri upasuaji wa kichwa, sikio au pua, msimwulize tu upasuaji ni lini. Mwulizeni kama picha yake imeshalipiwa.